Daktari, Nyumba ya Akina Mama Haijapata Paa

Nyamarambe
Jumapili, baada ya kanisa

Daktari Oluoch,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Wewe ulikuja na Kijaluo chako, mimi na Kigusii changu, na wagonjwa wakatusubiri kwenye benchi. Miaka yote niliyofagia kliniki yako na kuwatafsiria akina nyanya walioficha maumivu yao, hukuniita mfagiaji hata siku moja. Uliniita "mwalimu wangu Moraa," kwa kuwa nilikufundisha kumwuliza mtu ameamkaje kabla ya kumwuliza anaumwa wapi.

Daktari, nyumba ya akina mama kujifungulia haijapata paa.

Hilo ndilo nililoogopa kukwambia. Kuta zimefika juu ya madirisha, pale pale ulipoziacha. Mafundi walikusanya mbao zao wiki ile ya matanga yako. Siku za mvua mbuzi wanalala ndani, katika chumba ulichosema kitakuwa na vitanda.

Nakumbuka ulivyovua koti jeupe. Mama mjamzito alikuwa amefia njiani akipelekwa hospitali Kisii, nawe ulikaa kwenye ngazi, viatu vimejaa matope. Ukasema, "Moraa, dawa yangu haifiki. Lazima niwe MCA, niingie bunge la kaunti." Nilicheka. Nani huku angemchagua mtu wa ziwani? Na kweli, mara ya kwanza hawakukuchagua. Walikuimbia sokoni, "Aliyekuja na samaki arudi na samaki!" Kesho yake ulifungua kliniki, ukawatibu waimbaji makoo.

Mara ya pili Nyanya Kerubo alisimama mkutanoni na fimbo yake, akamwambia mpinzani wako, "Huyu amewakata vitovu wajukuu wangu. Wewe umemkata nani?" Uwanja mzima ulicheka. Ukashinda.

Hata ulipoitwa mheshimiwa hukujua kusalimia kama wanasiasa. Wao hushika mkono na kuuachia, macho yakiwa kwa mtu wa pili. Wewe vidole vyako viliteleza hadi kwenye mshipa, ukahesabu mapigo. Foleni haikusonga. Vijana wako walilalamika, "Mheshimiwa, hizi ni kura, si wagonjwa!"

Mkono wako mwenyewe hakuna aliyeushika. Moyo ulisimama kwenye ngazi za bunge la kaunti, asubuhi uliyokwenda kuulizia paa.

Ndugu zako walikuja wakakuchukua. Siwalaumu. Mama yako ni mzee, anataka kaburi lako karibu. Lakini wajua kwetu, nyumbani kwa mtu ni pale alipozikwa, kando ya nyumba yake. Nyumba yako ya hapa haina kaburi, na wale waimbaji wamepata la kusema: "Si mnaona? Hakuwa wetu." Na kazi ya mtu asiye wetu nani ataimalizia? MCA mpya anasema atajenga nyingine, kijijini kwake. Hata jiwe moja halijashushwa.

Juzi Kwamboka, binti wa jirani yangu, alipitishwa mbele ya kuta zako juu ya pikipiki, leso imefungwa kiunoni, akilia kwa uchungu. Yeye amerudi. Mtoto hakurudi.

Nilimpikia chinsaga, zile mboga chungu tunazowapa waliojifungua. Ulizipenda sana, ukaniletea omena, wale dagaa wa ziwani wa mama yako, tubadilishane. Nilipofika mlangoni ndipo nikaona nimebeba chakula cha mzazi kwa mtu asiye na mtoto. Sikujua nikirudishe au nikiweke. Hakula. Alinishika mkono tu, na vidole vyangu vikatafuta mshipa. Nilihesabu, Daktari, ingawa sijui hesabu ile inatakiwa kufika ngapi. Sikuwahi kukuuliza. Nilikaa naye, nikaendelea kuhesabu.

Nikuahidi nini sasa? Paa siliwezi. Nitafukuza mbuzi kila asubuhi na kukifagia kile chumba, kama nilivyofagia kliniki. Watasema Moraa amerukwa na akili. Waseme.

Pumzika huko kwenu karibu na maji. Siku ukiwakumbuka watu wa huku, wale waliokuimbia na wale waliokuchagua, nikumbuke na mimi.

Moraa