Nafasi Mbili za Nyangeta

Imepita! Kazi ya Nyangeta imepita, chuo kikuu wameipokea, mwanangu anavaa joho!

Haya, sasa nikusalimu, daftari. Ni Alhamisi, niko nyumbani Bunda. Manyunyu ya asubuhi yamenikuta nimeshaanika nguo, zikalowa upya, wala sikujali. Barua ilikuwa mkononi.

Daftari, wewe unanijua. Mimi niliishia darasa la nne. Lakini mtaa huu mzima, nani mwingine ana binti aliyeandika kurasa mia moja na kumi juu ya nyimbo za wanawake wa Mugeta wanapopalilia pamba? Nitajie hata mmoja.

Ngoja nikiri kwanza, kabla sijavimba zaidi.

Ni mimi niliyeiharibu.

Nyangeta alikuja likizo kuipiga taipu kazi yake. Ofisi ya ushirika wa pamba, anakopimaga pamba baba yake, walimwazima mashine. Nikakaa pembeni namwangalia. Kila akimaliza mstari, anaruka nafasi nyeupe ya mstari mzima! Roho iliniuma. Mimi nimelea watoto miaka ile ya kukosa sabuni, kukosa sukari, kukosa hata daftari. Wanangu walikuwaga wanaandika mpaka pambizoni, mpaka ndani ya gamba la daftari.

Nikamwambia, "Nyangeta, karatasi yote hii unamwachia nani? Bana mistari!"

"Mama, siku hizi karatasi zimejaa madukani."

"Hata zamani zilijaaga. Tukaamka siku moja hazipo."

Mtoto ana adabu. Pembeni mwa mashine kuna kichuma kidogo chenye namba za nafasi kati ya mistari. Akakitoa kwenye mbili, akakiweka kwenye moja, akidhani mwalimu wake atamvumilia. Kazi ikaisha kwa kurasa hamsini na tano. Nikaenda kujisifu kwa jirani yangu, Mama Wegesa, kwamba nimeokoa karatasi nusu kwa nusu.

Ikarudishwa.

Mwalimu aliandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba hana hata pa kuweka kalamu. Kazi yote ipigwe upya kwa nafasi mbili na ifike kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo Nyangeta asubiri mwaka mwingine. Na shule iliyomwahidi kazi isingemsubiri mwaka.

Hakunilaumu. Afadhali angenigombeza.

Mama Wegesa naye akaja na ulimi wake: "Mama Nyangeta, zile karatasi ulizookoa, umezipika au umezikaanga?"

Nilicheka kwa meno tu.

Nikakumbuka mwaka nilioolewa, kule Mugeta. Nilipanda pamba karibu karibu nikidhani nitavuna mara mbili. Mama mkwe akaning'olesha shamba zima. Akaniuliza, "Mwenye jembe atapita wapi?" Ndipo nikamwelewa huyo mwalimu. Naye alikuwa anatafuta pa kupita na jembe lake, na mimi nilikuwa nimemzibia njia.

Baba Nyangeta alikwenda Musoma, akarudi na rimu mbili za karatasi. Tukafanya kazi siku tisa. Mimi nasoma kwa sauti, neno likinishinda nalitaja herufi kwa herufi, yeye anapiga. Kichuma nikapewa mimi nikilinde. Namba mbili, kisiondoke hapo! Nilikilinda kama mlango wa zizi.

Tulipofika kwenye nyimbo, akaniambia, "Mama, weka namba moja."

"Siweki! Namba moja ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Mama, ndiyo sheria yao. Maneno yangu yanaachiwa nafasi ili yakosolewe. Wimbo unabanwa na kusogezwa ndani kwa sababu si maneno yangu. Huo ni wako. Nani aukosoe?"

Nikasogeza macho chini ya wimbo. Jina langu! Jina langu lote, na mbele yake, Mugeta.

Niliusoma wimbo wangu kwa sauti, katikati nikaacha kusoma nikauimba, Nyangeta akajifanya anasafisha mashine.

Halafu nikakiweka kichuma kwenye moja, kwa mkono wangu.

Leo nimekuandika kwa kuruka mstari, daftari. Sijawahi kufanya hivyo tangu nijue kushika kalamu. Ukiisha, nitanunua jingine.

Nyangeta anafika Jumamosi jioni. Samaki sato nimeshaagiza, na Baba Nyangeta amechagua mbuzi. Mama Wegesa nimemwalika wa kwanza, akae mbele kabisa, aushike ule ukurasa wenye jina langu kwa mikono yake na ausome. Ameniuliza kama viti vitatosha. Nimemwambia asinifundishe kubana, nimejifunza. Viti nitavipanga mbali mbali, kila mtu apitishe miguu yake vizuri.

Waje wote. Jumapili, saa nane mchana.