Ramani Alizozipanga Regina

Jumatano.

Huyo bosi simpendi, na leo sifichi. Regina wangu karudi kutoka ofisi ya ardhi macho yamevimba. Kosa lake eti ni kupanga.

Ramani za viwanja wanazihifadhi pamoja kwenye kompyuta moja kubwa ya ofisi, na kila mtu amezirundika chini ya jina lake. Jana Regina akazipanga kwa kata, za Ipuli pake, za Isevya pake, za Cheyo pake. Leo asubuhi zikafunguka nyeupe tupu, maana kompyuta bado inazitafuta kulekule zilikokuwa. Hazijapotea. Bosi akamfokea mbele ya wateja, "Nani kakutuma, binti? Mkataba wako unaisha mwezi huu, au umesahau?"

Mwanaume mzima na kitambi chake.

"Mama, kesho nazirudisha kwenye majina yao."

Nikamwambia asirudishe hata moja, huko ofisini wabaki wanapapasa. Ugali hakuugusa, akaingia chumbani kwake. Hapo nikaanza kuufikiria ule mkataba. Nani mwingine atampa kazi ya ramani hapa Tabora…

Nimemfuata chumbani. Nimemwambia, "Zirudishe, mwanangu. Na ukimkuta bosi, mpe shikamoo yake."