Ngai-ngai ya Mama

Yaya Sylvain, kaka yangu,

Huku Kisangani watoto wote wazima, mvua imepungua. Yule uliyemuuzia nyumba ya mama alikuja jana, akaniambia: «Mama Plamedie, Jumamosi nang'oa bustani yote.»

Nikamuambia: «Papa, ngai-ngai, ile mboga chachu ya marehemu mama, bado iko na maganda mabichi. Mbegu isiyokauka haioti.»

Akacheka: «Majani machachu hayakosi sokoni!»

Mashina ni kumi na tisa. Manne tu yamekauka, na mbegu zake wadudu wametoboa zote. Mengine yanataka siku kumi na mbili za jua. Mbegu hiyo mama aliitoa Butembo, akaipanda miaka thelathini na moja bila kukatisha.

Bon, uliuza bila kuniuliza; imekwisha. Lakini mupigie simu, umuombe hizo siku. Mimi nimekwisha kumuomba. Alinijibu kwamba yeye anamujua aliyemuuzia nyumba tu, ndiyo wewe.

Ndugu yako,
Kavugho