Kiti cha Safu ya Nyuma

Dada Rukia,

Huku Toronto baridi inauma masikio, lakini mdogo wako mzima. Yule kupe wa bustanini kwa binti yangu kaniachia ugonjwa wa Lyme. Dawa nakunywa, ila kizunguzungu na kichefuchefu bado vipo. Asubuhi natafuna tangawizi, nalamba ndimu kwa chumvi, kisha nainuka polepole kama bibi harusi.

Juzi nilikwenda msikitini Thornhill. Sala ya adhuhuri, kila nikisujudu, zulia lilizunguka. Kabla ya alasiri kuanza, mama mmoja wa Mombasa, hata simjui, akanivutia kiti. "Keti, dada. Mungu hahesabu magoti." Nikaketi kwa aibu, nikasali mpaka mwisho bila kutapika! Tulipotoka nikala bajia nne kwa chatne ya nazi, na zote zikatulia tumboni.

Unamkumbuka Bi Shirini, tulivyokuwa tukimcheka eti anasali kwenye kiti kwa uvivu? Mpelekee tende, umbusu mkono. Usimwambie sababu. Nitamwambia mwenyewe nikirudi, kiti changu kando ya chake.

Nakukumbatia mpaka mbavu zilie,
Zainabu