Alama Uliyoisogeza Mpaka Mlangoni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Bati la jikoni bado linavuja, na mimi bado naahidi kulitengeneza.

Ulipokuja likizo ukashinda kichochoroni na simu, ukiandika mtaa na namba ya nyumba, ukiisogeza ile alama ya ramani kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwetu, nilikucheka. Nikasema, "Kwani nyumba hii imewahi kupotea?"

Mwezi uliopita wifi yako alianguka bafuni, mdomo ukapinda upande. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa, nikaanza, "Ukifika kwa fundi cherehani, uliza..."

Dereva akanikatiza. "Mzee, nitajie mtaa na namba ya nyumba tu."

Namba yenyewe nilitoka nje kuisoma ukutani. Wakafika mlangoni bila kuuliza mtu. Daktari anasema wangechelewa kidogo, leo ningekuandikia mengine.

Ahsante sana, mdogo wangu. Ulimi wake bado mzito. Lakini jana nilimwaga chai kitandani, akanigombeza mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikamwomba arudie.

Ni mimi kaka yako mbishi.