Inchi Moja ya Buti

Jumatatu, 3 Juni
Mungu ni mwema. Daktari amesema mzee wangu sasa anaweza kukaa garini. Miezi minane tangu apooze upande mmoja! Watoto nao, Mungu awazidishie, wamesema mama chagua gari, sisi tutanunua. Mimi tena! Cherehani naijua, gari silijui. Shemeji yangu dereva, mdogo wake mzee, ameona mawili yadini, kule dalali anakouzia magari. Jekundu na la kijivu. Yote madogo, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama kinywa cha kiboko.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda na futi yangu ya kushonea. Dalali kacheka mpaka kashika kiuno. Shemeji akaniuliza, eti gari nalo lina pindo? Acha wacheke. Mzee anachotaka ni kufika kanisani, basi, na kiti chake cha magurudumu lazima kiingie kwenye buti.
La kijivu kiti cha mbele kiko juu — mtu anakaa kama anakaa kwenye kochi. Jekundu unatumbukia. Lakini buti la lile la kijivu, nasoma kwenye futi yenyewe, lina upana wa inchi thelathini na sita, na kiti cha mzee kikikunjwa na kulazwa, kwa daftari langu la vipimo, ni thelathini na saba. Inchi moja! Buti la jekundu thelathini na nane. Basi, jekundu. Nashukuru hata hilo tumepata.

Alhamisi, 6 Juni
Dalali katuachia jekundu tulijaribu. Mzee kuingia, kaingia. Kutoka ndiyo kazi. Mimi mkono huu, shemeji mkono ule, majirani wanatazama. Shemeji akatania kwamba kaka yake kanenepa kwa mapishi yangu. Mzee hakucheka. Tulipofika ndani akaniambia taratibu:
"Mama, nyie muwe mnakwenda. Mimi mniombee huko huko."
Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 7 Juni
Ee Mungu wangu! Asubuhi nampima mteja kiuno. Futi inasema thelathini na nne, mimi naandika thelathini na sita. Ndivyo niandikavyo siku zote, inchi mbili za mshono naziongeza papo hapo. Mkono wenyewe unaongeza, miaka ishirini na sita! Nikaduwaa na chaki. Kiti cha mzee si nimekiandika kwenye daftari hili hili?
Nimemwacha mteja na pini zake, nikakimbilia chumbani. Nimekipima mara tatu. Thelathini na tano! La kijivu kinaingia na nafasi inabaki.
Nimemweleza mzee. Kanitazama weee. "Kwa hiyo umenishonea kiti," akasema, na kicheko kikamtoka, kile chake cha zamani. Hata kama ni hicho tu, asante Baba.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji yuko yadini tangu kunakucha. La kijivu halipo — kuna bwana na mkewe wamelichukua kulijaribu. Dalali anasema wakirudi wameridhika, ni lao. Shemeji kakaa pale mlangoni, habanduki ng'o.
Nimesali. Nimesema, Mungu, kama wale nao wana mgonjwa, wapewe wao. Mdomo umesema upesi. Moyo umefuata nyuma, unachechemea.
Mzee amejisukuma mwenyewe mpaka barazani. Kavaa viatu, vyote viwili, kwa mkono mmoja! Sikumwambia avae. Wala sithubutu kumwambia avue.
Simu inalia, ni shemeji. Nimenyoosha mkono — mzee kaniwahi.