Hita ya Kibanda cha Barafuni Imehamia Gereji

Bibi Hilja mpendwa,

Naomba msaada wako kwa jambo ambalo si la mapenzi wala la mkwe, ni la gereji, na nikilisema kanisani watanicheka, kwa hiyo nakuandikia wewe ambaye utanicheka gazetini lakini angalau hutaniona usoni. Mume wangu Verlyn alistaafu mgodini miaka sita iliyopita, na tangu Novemba anaunda mtumbwi wa mbao za mwerezi kwa ajili ya mjukuu wetu Maren, ambaye ameahidiwa kwamba siku barafu ya ziwa itakapokatika yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza majini, na Verlyn ana miaka sabini na mitatu, mikono imeanza kumtetemeka, na ingawa hasemi, mimi najua na yeye anajua kwamba huu ndio mtumbwi wake wa mwisho.

Tatizo ni gundi. Gundi ya mtumbwi haikauki kwenye baridi, inabaki kama asali, na gereji yetu mwezi wa Januari ni baridi kiasi kwamba kahawa aliyoisahau mezani niliikuta imeganda na kijiko kimesimama katikati kama mlingoti wa bendera. Basi tukaanza kutafuta namna ya kuipasha moto bila kufilisika. Fundi mmoja alikuja, akaangalia dari, akapiga mluzi, akataja bei ya hita kubwa ya kuning'inizwa, na Verlyn akamshukuru, akampa biskuti, akamsindikiza hadi kwenye gari, na gari lilipopinda kona akasema, "Kwa bei ile, mama, heri niuhamishie mtumbwi Florida kwenye jua." Jirani yetu Orrin akasema tuweke jiko la kuni, kuni si ziko tele, lakini watu wa bima waliposikia kuni na gereji katika sentensi moja walikataa kabla sijaimaliza. Ndipo Verlyn akaenda kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki kule juu ya barafu, akaichukua ile hita ya gesi inayokaa juu ya mtungi, yenye uso mwekundu kama sahani, akaileta gereji. "Imenipasha ziwani miaka ishirini," akasema, "itashindwa hapa kwenye sakafu ya saruji?"

Na kweli inapasha. Ila mtungi ulikuwa ukiisha kila baada ya siku mbili, kwa hiyo mimi, Bibi, nilinunua mpira wa kuziba chini ya mlango, nikafunika dirisha kwa nailoni, nikashindilia matambara kwenye kila ufa, na sasa mtungi unafika siku nne, na nikajisifu sana. Sasa tumekwama, maana yeye anataka tununue hita ya pili ya namna ileile na mimi nataka ya umeme, na yeye anasema umeme utatula mpaka mifupa.

Kuna jambo jingine ambalo ni dogo. Siku hizi akirudi ndani jioni kichwa kinamuuma na hataki kula, na juzi alisinzia kwenye kiti kule gereji mchana kweupe nikamwita mara tatu ndipo akaamka. Nikamuuliza, "Verlyn, unaumwa?" Akasema, "Si mbaya." Nikasema, "Na kichwa?" Akasema, "Si mbaya sana." Nikasema twende kwa daktari, akaniambia, "Kwa kichwa tu? Kwani nimepigwa nyundo?" Anasema ni harufu ya gundi. Na mbwa wetu Gus, ambaye amelala miguuni pake miaka tisa, alitapika mle ndani siku moja na tangu hapo haingii, anakaa nje kwenye theluji analia, na Verlyn amemkasirikia, anamwita msaliti.

Swali langu ni moja tu: hita ipi ni nafuu kwa gereji ya magari mawili?

Marlys

* * *

Marlys binti yangu,

Barua yako nilisomewa Jumatatu asubuhi, na tulipofika kwa mbwa nikamwambia huyo anayenisomea barua, "Acha hapo, nipe simu." Sikungoja gazeti la Alhamisi. Wewe ulikuwa umekwenda dukani. Akapokea Verlyn.

"Hilja hapa," nikasema. "Habari yako?"

"Si mbaya."

"Hita inawaka?"

"Inawaka. Ndiyo nimeingia kuchukua kahawa."

"Kaizime. Fungua mlango mkubwa mpaka juu. Kisha kaa kwako jikoni, usiingie tena mle."

"Hilja, gundi nimepaka sasa hivi!"

"Gundi utapaka nyingine. Maren ana babu mmoja wa upande huo, au anaye mwingine wa akiba?"

Akaiweka simu mezani. Halafu nikasikia mlango mkubwa wa gereji ukiinuliwa. Mtu huyu ni mbishi lakini si mjinga.

Mengine unayajua, ulikuwepo: ulivyompeleka hospitali akinung'unika njia nzima, walivyompima damu wakaikuta sumu ndani yake, walivyomvisha kinyago cha hewa safi mpaka jioni. Umeniruhusu niyaandike, nami nayaandika kwa sababu mwaka huu vibanda vingi vimehamishia hita zake gereji, na mitaani nasikia watu wakijisifu kwa kuziba nyufa.

Sasa nikugombeze. Umenijazia ukurasa mzima kwa habari za gundi na bei, kisha kifo ukakiweka mkiani, ukakiita jambo dogo. Hiyo ndiyo tabia yetu sisi watu wa huku. Nyumba inaungua, tukiulizwa tunasema joto limezidi kidogo. Mume anarudi na kichwa kinampasuka, hali chakula, anasinzia mchana kweupe, halafu "si mbaya" yake unaipokea kama cheti cha daktari! Umeishi naye miaka mingapi hujui kwamba alisema "si mbaya" hata siku alipovunjika mguu?

Sikiliza. Moto wa gesi unakula hewa iliyomo chumbani, na hewa ikipungua unatema sumu. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Ile unayoinusa ni gundi, hii hainuswi. Kibandani inavumilika kwa sababu kibanda chenyewe ni matundu matupu: upepo unaingia chini, unatokea juu, na mvuvi anafungua mlango kila mara akaone mishipi ya mwenzake. Na hata hivyo haimsamehe kila mtu. Kaka yangu Urho aliweka maturubai juu ya kibanda chake ili asipate upepo. Tulimkuta ameketi, mashavu mekundu kama ya mtu aliye hai mwenye afya, na ndoo yake ilikuwa na samaki wanne. Mwaka huo sikula samaki.

Wewe uliziba vizuri, usilie kwa hilo. Kuziba ni nusu ya joto. Kosa ni kuziba na kuwasha moto usio na bomba ndani ya chumba kimoja. Chagua kimoja. Chagua kuziba.

Na sasa swali lako. Hita nafuu kuliko zote ni ile isiyopasha gereji. Gereji haina haja ya joto, gundi ndiyo inayotaka. Mwambie Verlyn apigilie fremu ya mbao nyembamba kuzunguka mtumbwi, muitandike nailoni mpaka chini, muwe na hema ndogo ndani ya gereji. Ndani yake weka hita ya umeme yenye mafuta yaliyofungiwa ndani, ile yenye mapezi kama ya samaki, isiyo na moto wala waya mwekundu, hatua moja nzima mbali na nailoni na makopo ya gundi. Mbao zipate joto usiku kucha. Gundi ilale jikoni kwako, usiku isikae gereji. Asubuhi afungue upande mmoja wa hema, afungue na mlango mdogo, apake, avae barakoa, kisha afunge aje ndani anywe kahawa wakati gundi inakauka. Hakuna haja ya kuikalia kama kuku.

Hita hiyo ichomekwe ukutani moja kwa moja. Usitumie ile ekstensheni ya taa za Krismasi, nawajua. Kama ukutani hakuna soketi ya maana, mwite fundi umeme akuvutie waya wake peke yake, mpe biskuti na mlipe. Senti zikibaki, nunueni mbao za sponji ngumu mbandike nyuma ya mlango mkubwa, maana joto lenu linatokea pale na darini. Dukani ulizeni ile isiyoshika moto haraka. Na siku mkitaka hita ya gesi, iwe ile inayovuta hewa nje na kutoa moshi nje kwa bomba, si vinginevyo. Kabla ya yote hayo nunua kengele ya kunusa sumu hii, mbili, moja ya gereji na moja ya nje ya chumba chenu. Bei yake haifiki ya mtungi uliokuwa ukiisha.

Hita ya kibanda irudi kibandani, na kibanda kiwe na matundu.

Verlyn amuombe mbwa radhi. Si kwa maneno, kwa kipande cha nyama. Gus alikuwa akiwaambia nyote wawili jambo lilelile kwenye theluji, na hakusema "si mbaya".

Na wewe, jioni hii umuulize mume wako kichwa kikoje. Akikujibu kama kawaida yake, usimuachie hapo. Mshike kidevu, mtazame machoni, umuulize mara ya pili.